Ramani Iliyochorwa Vizuri Mno

Baba yangu, fundi wa mageti wa Kalama,

Jumamosi iliyopita tuliufungua ule mnyororo wa ndege yako. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeusubiri ufunguliwe, na pia kuna jambo ambalo sikulisema ulipokuwa hai. Nililimeza kila nilipokuja nyumbani.

Unakumbuka ulivyoanza kuijenga ndege yako? Mama alidhani unatengeneza tangi la maji. Mchana ulichomelea mageti ya watu, jioni ukarudi kwa mabomba yako ya alumini, injini ya pikipiki iliyopata ajali na turubai ulilolishona mwenyewe. Miaka minne, Baba. Majirani walipita wakiuliza, "Mzee, hiyo kitu itaruka kweli?" nawe unajibu bila kuinua kichwa, "Geti langu limewahi kukataa kufunguka?"

Mama alikucheka mpaka siku ile ulipofunga kiti cha pili. Ulimwambia, "Hiki ni chako, Mama Nduku. Nitakuzungusha juu ya nyumba yetu mara moja tu uone shamba lako, turudi kabla chai haijapoa." Aliacha kucheka. Siku ya soko iliyofuata alinunua leso ya kujifunga kichwani, upepo usimsumbue, akaiweka sandukuni.

Ndipo ikaja ile amri: ndege ndogo ya mtu binafsi isiwashwe hata injini bila kibali cha usalama. Serikali ilisema ndege hizi huruka chini na hakuna ajuaye zimebeba nini. Mwingine angeifunika yake kwa majani ya mahindi akanyamaza. Wewe ulivaa koti la kanisani ukaenda mwenyewe kuomba fomu. Ndivyo ulivyokuwa, hata mbwa akichanjwa ulidai cheti chake.

Penye fomu palipouliza sababu ya kuruka, uliandika: kumzungusha mke wangu nyumba yetu, mara moja. Lakini walitaka na ramani. Ukanipigia simu nikiwa kazini Syokimau. "Nduku, wewe unafundisha jiografia. Ramani inachorwaje?" Nami, mwalimu kamili, nikakwambia ramani isiyo na alama ni mchoro wa mtoto. Weka kila jengo kubwa, nikasema. Weka vipimo.

Basi ukaviweka. Siku tatu ulitembea ukihesabu hatua. Ulichora ofisi ya chifu, tangi la maji la serikali, mlingoti wa simu na kituo cha polisi pamoja na mlango wake wa nyuma. Geti la polisi uliliandikia na upana wake, kwa kuwa ulilitengeneza wewe. Nilipotumiwa picha ya ramani hiyo kwa simu nilijibu, "Safi sana, Baba." Ungekuwa mwanafunzi wangu ningeona fahari.

Ulipoipeleka, polisi walikuweka ndani siku mbili. Afisa alikuuliza, "Mzee, kwa nini uko na vipimo vya geti letu?" ukamjibu, "Si ni mimi nililichomelea?" Walikuachilia, lakini walikuja wakaifunga propela kwa mnyororo na kufuli, ufunguo ukakaa kwa chifu. Kila Jumamosi ulienda kuuomba, ukaipaka injini mafuta, ukafunga tena mwenyewe na kuurudisha kabla ya saa sita. Niliudhika nikakwambia tuukate mnyororo kwa msumeno wako. Ulinikazia macho. "Mimi niliomba ruhusa," ulisema. "Nikiukata, nitakuwa yule mtu waliyemdhania."

Hukumwambia mtu yeyote ni nani aliyekuelekeza. Nami sikusema. Mama akilalamika mezani, "Nani alimtuma huyu mzee achore mpaka geti la polisi?" mimi niliangalia sahani, nawe ulisema chai imekosa sukari. Ulinificha hivyo mpaka presha ilipokuchukua. Nina aibu, Baba. Siku ya mazishi nilisoma wasifu wako mbele ya kanisa lote na pale penye ndege nikaruka mstari.

Mwezi uliopita chifu alituita. Kibali kimekataliwa kabisa, na ndege ivunjwe ndani ya mwezi mmoja. Alinipa ufunguo, akanirudishia na ramani yako, imepigwa mihuri mitatu. Jioni hiyo niliiweka mbele ya Mama nikamweleza kila kitu. Nilingoja anikemee. Aliipitishia kidole taratibu, barabara kwa barabara.

"Nilijua," alisema. "Kazi hii ni ya mwalimu." Kisha akauliza kama kiti chake bado kipo.

Nikarudi kwa chifu kumuuliza kama kuna amri inayokataza kuisukuma ndege kwa mikono. Aliisoma karatasi mbele na nyuma. "Ya kusukuma haiko," akasema. Jumamosi alikuja mwenyewe, tukaufungua mnyororo, akavua koti, akashika bawa la kushoto. Musyoka jirani akashika la kulia, mimi nikawa mkiani.

Mama alitoka na leso yake kichwani, bado ina mikunjo ya sandukuni. Tulimpandisha, tukamfunga mkanda wako. Tukamzungusha nyumba, injini kimya, magurudumu yake ya mkokoteni yakilia kwa kukosa grisi. Tulipita nyuma ya jikoni, tukapita ukingoni mwa shamba, na hakuna aliyecheka. Nilikuwa nalia, nashukuru walikuwa mbele hawakuniona. Tulipofika penye kaburi lako aliinua mkono tusimame. Sisi tulihema. Yeye alikaa wima kama yuko kanisani, akakutazama kutoka juu ya kiti ulichomfungia.

"Mzee," alisema, "tumezunguka. Twende, chai haijapoa."

Kesho tunaivunja, kama walivyoamuru. Ramani nitabaki nayo. Pumzika, Baba, wewe ulichora ulivyofundishwa, na sasa nyumba nzima inajua aliyekufundisha.

Kifungua mimba wako,
Nduku