Kikopo cha Jirani

Mjukuu wangu,

Huna haya. Unanipeleka kwa daktari wa unene, halafu unarudi kazini kwako kimya.

Daktari alinionyesha picha za watu wanaolia, aone kama nitaguswa, nikazitazama kama natazama masufuria. Akasema vijidudu vya tumboni hupelekeana habari na kichwa, huenda vyangu vimenyamaza. Akataka choo changu kwenye kikopo. Kwa aibu nikampelekea cha jirani, yule kimbaumbau anayelia hata mwenzake akimenya kitunguu.

Mimi tangu tumzike mama yako sijalia. Nakula tu, wala ladha siisikii. Watu wananisema.

Jumamosi uje na kikopo kingine, safari hii nitatia changu. Na kwenye zile picha, mwambie daktari aweke ya mama yako.

Bibi yako, bado mzima