Karatasi ya Nyacheki

Jumapili, 2 Februari 2025

Manasseh ananificha kitu. Huyu muuza vitabu wa nyuma ya soko la Kisii nimemjua miaka kumi na tano, na leo kwa mara ya kwanza hakubishana nami bei. Hata kidogo! Nimebeba boksi zima, vitabu kumi na saba, naye anaangalia barabarani tu. Nikamuuliza vimetoka wapi. "Zimetoka kwenye zimetoka, omogaka, mzee wangu. Wewe soma tu."

Mtu anayejibu hivyo ameiba, au amenunua kwa aliyeiba.

Lakini boksi lenyewe! Vinne ni vya vita, kimoja kina ramani ya kukunjua na haijachanika popote. Vitatu ni vya mabalozi, jinsi walivyokaa mezani huko Ulaya wakatugawa kwa rula. Na kimoja chekundu, kinene, cha sheria za mabaraza ya wazee enzi za mkoloni – hicho nimekitafuta tangu 2009. Ukurasa wa kwanza umechanwa, pale mwenye kitabu huandika jina lake. Mbona? Nani anachana jina kama si mtu mwenye la kuficha?

Nimemwonya Manasseh kama kawaida: usimwambie mtu yeyote nimenunua nini. Kuna mhadhiri mmoja hapa mjini ananifuata nyuma kama inzi. Kila kitabu kizuri kinachonipita kinaishia kwake. Manasseh ameapa hatasema.

Nyumbani Suneka, mke wangu Gladys ameliona boksi akafyonza. Ati nikifa watakosa pa kuweka jeneza.

Jumanne, 4 Februari

Nimelibeba boksi hadi ofisini, na saa ya chakula nimeliingiza lote kwenye rejista yangu ya vitabu. Sheria yangu ni moja na haina rufaa: kilichokutwa ndani ya kitabu hakitolewi. Kinaandikwa, kinarudishwa ukurasa uleule. Nimeshakuta tiketi za basi, risiti za majani chai, ua lililokauka, wimbo wa kanisa kwa penseli. Vyote viko palepale vilipokuwa. Ukiondoa kimoja umeshaanza kuharibu ushahidi. Miaka thelathini na moja ya ukarani kwa mawakili, angalau hilo nimelijua.

Kile chekundu kimekuwa Na. 412. Nimeandika: "Ndani, uk. 203, karatasi ya makubaliano, Nyacheki, 1978, alama tatu za vidole gumba." Kuisoma sikuisoma. Wino umefifia na wakili alikuwa anaita faili.

Orodha nimeichapa kwa kompyuta ya ofisi na kuitoa kwa printa ya ofisi, nakala mbili. Purity, sekretari wetu, akachungulia. "Mzee, bado unanunua karatasi za kufungia mandazi?" Alicheka. Lakini alichungulia muda mrefu kuliko mzaha wenyewe. Nimeliona hilo.

Alhamisi, 6 Februari

Mtu amenipigia simu. Jina hakusema. Ati anapenda vitabu vya zamani na amesikia nina vya vita. Nikamuuliza, vita vipi? Akasema, "Vyovyote."

Vyovyote! Hakuna mkusanyaji duniani anayesema vyovyote. Kila mmoja wetu ana ugonjwa wake: yule meli, yule mizinga, mimi mipaka. Nikamtega. Nikamuuliza kama amewahi kukiona kile cha vita vya Nyamira vya 1931. Akasema anacho, kizuri sana. Nyamira haikuwa na vita 1931! Nilivibuni palepale huku nikikoroga chai.

Halafu, polepole, akauliza kama nina vya sheria pia. "Chekundu hivi."

Namba yake nimeiandika. Manasseh! Mdomo wake hauna komeo. Ama ni Purity. Ama ni mhadhiri, ametuma mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Nimerudi mapema ili Sabato isinikute na kalamu mkononi. Nimefungua kile chekundu, ukurasa 203. Nimeisoma karatasi. Nimesimama, nimeisoma tena.

Ogari wa Nyacheki amemuuzia Mwalimu Nyamongo kipande cha chini, kutoka mti wa omotembe hadi mtoni, amelipwa akamaliza, na hatamdai tena yeye wala watoto wake. Kidole cha Ogari. Vidole vya mashahidi wawili. Sahihi ya Mwalimu, nzuri, ya kunyoosha, ya watu wa zamani.

Kesi ya kipande hicho iko ofisini kwetu! Ogari alishakufa, na Mwalimu alikufa mwaka jana. Sasa Bosire, mwana wa Ogari, amemshtaki mjane wa Mwalimu, Mama Jemimah, atoke kwenye kile kipande. Mama wa miaka sabini na mbili. Majani chai yake yote yako pale. Bosire anadai Mwalimu aliazimwa tu, na sisi ndio mawakili wa Bosire. Hati yake ya kiapo niliichapa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. "Hakuna maandishi yoyote yaliyowahi kufanywa." Nakumbuka hata nilisahihisha nukta.

Kesi inasikizwa tarehe 18.

Ee Mungu. Jua linazama. Naweka kalamu.

Jumapili, 9 Februari

Nimeenda kwa Manasseh na moto. Nikamwambia yeye ni msaliti, ameuza namba yangu kwa matapeli. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Watu wa nyanya na wa mitumba wote wametusikiliza.

Kisha akajibu, bila kupandisha sauti. Boksi aliuziwa na shemeji ya mjane wa Mwalimu, aliyekifagia chumba cha marehemu, mama mwenyewe akiwa hospitalini kwa ajili ya mguu. Shemeji huyo ndiye aliyechana jina. Ndiyo maana Manasseh hakubishana bei: alitaka liondoke mbele yake upesi. Hilo kosa lake amelikubali.

"Lakini yule mama amekuja hapa mara mbili," akasema. "Amelia pale unaposimama. Kizungu hajui. Anajua tu mzee wake alimwambia karatasi iko ndani ya kitabu chekundu. Ananiuliza nimeuzia nani."

Nikamuuliza, ukamwambia nini?

"Nikamwambia sijui. Si wewe uliniapisha nisiseme?"

Nimetoka pale kichwa chini, na hata vitabu vipya sikuviangalia. Kuna kimoja cha manowari nilikiona kwa pembeni. Sikugusa.

Jumatatu, 10 Februari

Wakili Nyakundi amenisalimia kwa mikono miwili. "Omogaka Ogoti! Nasikia una maktaba. Lazima nije nione siku moja." Miaka kumi na mbili niko chini yake, hajawahi kuniuliza hata kama nina nyumba.

Nimefungua kabati langu. Orodha nilichapa nakala mbili, ipo moja. Nimemuuliza Purity kwa mzunguko mzunguko. Akanijibu moja kwa moja, maskini: "Wakili aliichukua kwa printa Jumanne. Alisema anataka kitu cha kusoma."

Na mimi nilikuwa nimeandika kila kitu. Nyacheki. 1978. Ukurasa. Rangi ya jalada. Hadi hesabu ya vidole! Nilitaka mtu aione, nisijidanganye. Miaka yote hii nimechapa ile orodha nikitumaini kuna siku mtu atasema, kumbe huyu karani ni msomi.

Saa tano nimechukua simu ya mezani nikapiga namba ya yule mpenzi wa vita vyovyote. Ikalia. Nikaisikia ikilia huku sikioni na ikilia kule kwenye benchi la wateja. Bosire akaitoa mfukoni, akaiangalia, akasema, "Haloo?" Tuko hatua sita. Nimekata.

Si Manasseh, si mhadhiri, wala si Purity. Nimewatukana bure kichwani wiki nzima, na mmoja nimemtukana hadharani.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia Gladys. Sikukusudia, ila ameniona nikikihamisha kitabu mara ya tatu: kabatini, chini ya kitanda, kwenye debe la unga. Akasema unga wake usiguswe, halafu nieleze.

Nikaeleza. Nikamwambia siri ya mteja ni siri, karani akitoboa anafukuzwa na anaweza kushtakiwa. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikamwambia kitabu nimekinunua kwa njia halali. Nikamwambia na ile sheria yangu ya kutotoa kitu kitabuni. Niliongea nusu saa. Nilijisikia nikiongea.

"Karatasi ni ya nani?" akaniuliza.

Nikaanza tena na mteja.

"Baba Josiah. Nimeuliza ni ya nani."

Nimetoka nje kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hana shida yoyote.

Kweli nimeogopa. Vitabu vyangu vimejaa watu waliopewa ushahidi mkononi wakaukalia: makarani, makatibu wa mabalozi, waandishi wa jeshi. Huwa nawasoma kwa dharau. Napiga mstari chini ya majina yao kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 13 Februari

Gladys anaongea na simu kule migombani. Nikitokea, ananyamaza. Nikimuuliza ni nani, ati ni mambo ya akina mama wa kanisa. Akina mama wa kanisa hawaongei kwa kunong'ona, wanasikika hadi barabarani!

Hata huyu?

Ijumaa, 14 Februari

Wakili amenipita kwenye ngazi. Ati kesho, tukitoka kanisani, atapitia kwangu aiombee nyumba yetu na aone vitabu. Nikamkumbusha ni Sabato. "Kusoma si kazi, mzee," akasema, akacheka, akanipiga bega.

Huyu ni mzee wa kanisa. Siku ya Sabato simu ya mteja hapokei hata mteja awe ndani ya selo. Sasa kesho anakuja Suneka kuangalia vitabu.

Jumamosi, 15 Februari

Sijawahi kuandika Sabato. Mungu anisamehe. Nisipoandika nitapiga kelele.

Wakili yuko sebuleni. Nimemwacha na chai na albamu ya harusi ya Josiah, nimesema nakuja kutafuta vitabu vya kumwonyesha. Ameniita nikiwa mlangoni: "Usijisumbue na vyote, Ogoti. Leta kile chekundu tu. Nitakaa nacho hadi Jumatano." Kesi ni Jumanne.

Nimejifungia humu chumba cha vitabu. Kutoka sebuleni anaweza kunisikia nikikohoa.

Na si yeye tu! Upande wa pili, nyuma, nje ya mlango wa jikoni. Nimesikia Gladys akimkaribisha mtu, nikachungulia dirishani, kwenye upenyo kati ya vitabu. Bibi mzee, leso ya bluu, mguu mmoja ameunyoosha mbele, fimbo ukutani. Amekaa kwenye kigoda, mgongo wake uko karibu na huu ukuta. Gladys anamwita Mama Jemimah. Kumbe ndiye akina mama wa kanisa. Amemtoa Nyacheki hadi hapa, na mguu ule, bila kuniambia hata neno. Nimeona hasira. Halafu imeisha, sijui imeenda wapi.

Gladys hakujua wakili anakuja, sikumwambia. Ninaficha mambo hadi yananirudia. Sasa kila mmoja amekaa upande wake na hakuna anayejua mwenzake yupo, isipokuwa Gladys na mimi. Akienda kumpa wakili chai ya pili, namsikia akitembea polepole mno.

Bibi anamwambia Gladys kwamba hata kama karatasi haipo, yeye anataka tu kuona mwandiko wa mzee wake. Ati amesahau ulivyokuwa.

Nimeitoa. Ukurasa 203. Miaka ishirini na mbili sijawahi kutoa kitu kitabuni, na hii imetoka kirahisi tu, haikushika popote. Iko mfukoni mwa shati. Na nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma: hata sasa, na huyu mama nyuma ya ukuta, kuna mahali ndani yangu panauma kwa ajili ya kitabu. Kwamba Na. 412 itabaki na pengo. Aibu gani hii!

Nasikia wakili ametoka sebuleni, yuko kwenye korido; nikitokea mlangoni nitakutana naye. Atachukua kitabu mkononi mwangu, atafungua 203, ataniangalia shati.

Amegonga. "Ogoti? Umekwama wapi?"

Nimemjibu, nakuja, wakili.

Njia iliyobaki ya kumfikishia mama karatasi ni dirisha, nalo halifunguki. Nimelipangia vitabu hadi juu, vita vyote viwili vya dunia viko mbele yake. Nimeanza kuvishusha. Sita viko sakafuni, cha saba kimeniponyoka kimeanguka na kishindo.

Kitasa kinazungushwa. "Mzee, fungua nikusaidie."

Huku nje Mama Jemimah amesikia kishindo. Amegeuka, ameangalia juu, ananiona. Naweka kalamu, natoa karatasi.