Nani Alimtoa Mama Hospitali

Likasi, 11 Machi 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mgongo wako unaendeleaje huko Mwadingusha? Sisi tupo, ila Mama anatukosesha usingizi. Kwa kuwa simu haikamati huko kwenye baraji, bwawani kazini kwako, nimempa Mathieu, dereva wenu, karatasi hii.

Mama yuko hospitali tangu Ijumaa. Kipimo kilionyesha malaria, akatundikiwa dawa. Lakini Docteur Danielle anashuku kuna homa nyingine juu yake, dengi, ile ya mbu wanaouma mchana. Damu imepelekwa Lubumbashi, jibu bado.

Leo asubuhi homa imeshuka. Mama ameketi, amechana nywele, ameomba sahani ya bukari, na anamcheka mgonjwa wa kitanda cha pili anavyokoroma. Nilikaribia kulia kwa furaha. "Miye nimepona," anasema. "Munirudishe ku nyumba, hii kitanda itaniua." Daktari hataki: "Homa kushuka haiko kupona. Kwa dengi, hatari inakuyaka sasa, homa ikishashuka." Anataka tubaki siku mbili tatu. Mama amenuna, anasema utakaloamua wewe ndilo litakalofanyika. Nijibu upesi, Baba, mimi naogopa.

Binti yako,
Tina

Mwadingusha, 12 Machi

Binti yangu Tina,

Salamu zako zimenikuta mezani, nami nawasalimu wote. Mgongo ni ule ule, unanikumbusha kila asubuhi kwamba mimi si kijana.

Mwanangu, malaria tumezeeka nayo. Imenilaza mara ngapi, nami niko hapa nakuandikia. Homa ikishuka na mtu akaomba bukari, huyo amepona. Hospitali mtu huingia na ugonjwa mmoja akatoka na miwili, na huyo daktari wenu anatafuta wa pili ndani ya mwanamke anayecheka wenzake. Mtoe Mama.

Mpikie samaki hawa wa ziwa Tshangalele niliompa Mathieu. Usizidishe pilipili, hata akikugombeza. Mwambie mzee wake anamkumbuka, na Pasaka nataka nimkute amenona.

Baba yako,
Joachim

Likasi, 15 Machi

Baba,

Salamu. Najua tunaulizana afya kwanza, leo utanisamehe.

Mama amezidiwa. Juzi nyumbani alianza kushika tumbo, mikono ikawa baridi, kisha damu ikatoka kwenye fizi. Tulimrudisha hospitali mbio. Jibu la Lubumbashi limefika: malaria na dengi, zote mbili kwa pamoja.

Njoo na gari la kwanza. Wajomba wote wamefika kutoka Kambove. Viti tumeazima parokiani.

Kuhusu barua yako, ilichelewa kunifikia. Nilikuwa nimeshamtoa Mama kwa akili yangu mwenyewe. Tafadhali usijilaumu.

Binti yako,
Tina

Mwadingusha, 15 Machi

Tina, mwanangu,

Nimefika kwenye neno viti, nikaacha kusoma. Kwetu kifo hakiandikwi, nami sitakuuliza. Nimelia mbele ya Mathieu bila aibu. Mvua imekata barabara, yeye amepita kwa pikipiki na mgongo wangu hauiwezi. Nitakuja kesho na lori la mafundi. Karatasi hii inatangulia kwa sababu haiwezi kungoja.

Mathieu ameniambia alikupa barua yangu mkononi, pale pale hospitali, Mama akiwa bado kitandani. Anasema Mama alikuomba uisome kwa sauti, ukaisoma, naye akaanza kufunga kitenge chake kabla hujamaliza. Kwa hiyo umenidanganya, mwanangu, na najua kwa nini. Umenihurumia kuliko ninavyostahili.

Lakini wajomba zako watakaa leo kwenye kilio na kuuliza nani alimtoa dada yao hospitali. Ni haki yao. Usiwajibu lile uliloniandikia mimi. Wewe ni msichana, maneno ya leo yatakufuata hadi siku ya ndoa yako. Wape barua yangu ya tarehe kumi na mbili, waisome wenyewe. Daktari alisema abaki, mimi nikasema atoke.

Nami nitakapofika nitalisema mbele yao wote, nikiwa nimesimama, kabla sijapewa kiti.

Baba yako