Ego ya Kezimana

Kazimia, tarehe 9 Machi

Yaya Dorothée, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji, hapo kwenu Ubwari. Je, kikohozi cha Merveille kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na barua hii haitakuchekesha.

Unajua nilivyokuwa nikijivunia lugha zangu. Kule seminari ndogo nilifundishwa kwamba ego kwa Kilatini ni "mimi". Kwa wakimbizi wa Burundi neno hilohilo ni "ndiyo". Tena mbele ya mkubwa wao husema ego kwanza, kuonyesha wamelisikia swali, ndipo wajibu. Kwa ujuzi huo Albert, mwenye mitumbwi, alinifanya mkalimani wake.

Jumatatu asubuhi Albert alikuta wavu wake mpya umekatwa vipande. Watu wake wakamkamata Kezimana, Mrundi anayeanika ndagala pale ufukweni, kwa kosa la kuwa mgeni tu. Kiswahili hakijui. Albert akaniambia, "We Bertin, muulize kama ni yeye alikata wavu yangu." Nikamuuliza. Kezimana akainamisha kichwa, akasema, "Ego," akavuta pumzi ili ajibu. Sikumngoja.

"Amekubali," nikasema.

Wakampiga kwa makafi ya mitumbwi. Pigo la kwanza lilimvunja taya, basi jibu lake halikutoka tena. Walimpiga mbavu na magoti hata alipoacha kujikinga. Junior, yule wa kwaya yetu, alimkanyaga shingo mpaka miguu ikatulia. Damu iliingia kwenye ndagala, na Albert akawagombeza kwa kuharibu samaki. Nawachukia wote, Yaya, na mimi najichukia zaidi.

Jioni mjane wake, Marie-Goreth, aliniletea sahani ya maharage. Alisema ameambiwa kwamba pale ufukweni ni mimi peke yangu niliyesema na mume wake kwa lugha yake, ndiyo maana amekuja kunishukuru. Nilikula, naye amekaa ananitazama.

Wavu niliukata mimi, Yaya. Albert alinizaba kofi mbele ya bamama wa soko, nikashikwa na hasira.

Nikifunga barua hii nakwenda kumwambia Marie-Goreth, kisha Albert. Watakachonifanya unakijua.

Msalimie shemeji, umshike Merveille kwa niaba yangu. Mama akikuuliza kama nilionewa, mwambie hapana.

Mdogo wako,
Bertin