Bei Niliyoulizwa na Simu

Uyole, Jumanne usiku

Nisamehe, shajara yangu. Nimekutelekeza tangu tulipovuna viazi.

Leo nilifanya usaili wa kazi ya kuhariri vitabu vya shule, kwa kujirekodi kwenye simu. Swali likatokea kwenye kioo: natarajia mshahara kiasi gani? Nikauliza kwa adabu, "Ninyi mmepanga kulipa kiasi gani?" Kisha nikangoja jibu. Muda ukaisha.

Mjukuu wangu Neema alicheka hadi akakaa chini. "Bibi, hakuna mtu humo! Ungetaja tu."

"Nimtajie nani, basi?"

Nawajua madalali wa viazi wa hapa sokoni. Dalali anayezunguka akiuliza bei bila kuonyesha fedha anamtafuta mwenye shida kuliko wote, atakayeuza kwa bei ya chini. Nami nina shida. Nikiikosa kazi hii, mwanangu atanihamishia kwake Iringa, na nyumba hii itafungwa.

Wameniruhusu kurekodi tena mara moja, mwisho kesho. Nikitaja kiasi kidogo, watanidharau. Nikitaja kikubwa...

Simu nimeifunika kwa kitambaa, isije ikasikia. Nikishaamua kiasi, nitakiandika hapa kwanza, kabla hawajakijua wao.