Vidonge vya Pacha

Munje, Msambweni
9 Juni 1999

Mwanangu Dama,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mihogo imekubali, jiko limeezekwa upya, na wanao pacha, Kache na Kadzo, wanakuulizia kila siku.

Kache alipatwa na malaria. Akatiwa kwenye majaribio ya dawa mpya, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Serikali na kampuni wanashirikiana kuitengeneza ili hata sisi tuimudu. Nikapewa vidonge vya siku tatu. Lakini mwanangu, pacha hupewa sawa. Kadzo alilia naye apewe, nami nikavikata vyote nusu kwa nusu, kama ninavyowakatia andazi.

Jana homa ikarudi. Veronicah, yule mhudumu wa majaribio hayo tunayeimba naye kwaya, akampa Kache dawa nyingine, na leo anacheza. Kisha akaketi mkekani na kalamu yake.

"Mama Dama, alimeza vyote?"

"Vyote."

"Basi dawa imeshindwa. Na tulivyoitarajia!"

Akaandika. Nikisema kweli, atafutwa kazi, maana fomu aliyoijaza inasema alimwona Kache akimeza, naye hakuja, aliniamini. Nikinyamaza, dawa njema itahesabiwa mbovu kwa uongo wangu. Nikipiga magoti kusali, maneno hayatoki.

Nimekuandikia wewe kwanza ili nijizoeshe kuyasema. Sasa Veronicah anapiga hodi. Barua zangu huzipeleka posta yeye. Hii nampa bahasha ikiwa wazi, na nitamwomba aisome.

Mama yako akupendaye,
Mbodze