Jina la Bhoke kwenye Skrini

Jumatatu, 6 Mei
Slaidi za ugani wa kilimo, mada ya nne. Nimerekodi mara tatu, umeme umekatika mara mbili. Darasa la mtandaoni: majina thelathini na nane. Nikauliza swali. Aliyejibu ni Bhoke peke yake. Nafundisha ukuta.

Jumatano, 8 Mei
Bhoke tena. Jibu refu, zuri mno. Anaeleza mihogo inavyooza ardhini mvua ikizidi. Huyu huyu, kwenye mazoezi ya shamba kule Butiama, hata jembe alikuwaga hajui kulishika. Simwamini.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemwambia awashe kamera. Akaandika: "Imeharibika, mwalimu." Nikamwambia basi awashe maiki. Akatoka darasani.
Nimelinganisha kazi zake za zamani na za sasa. Si za mtu mmoja. Nimeanza ripoti ya udanganyifu. Atafukuzwa. Nimeandika kwa hasira, na kwa raha kidogo. Hiyo raha siipendi.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeenda kwao Bunda, bila taarifa. Nilitaka kumfumania.
Uani, mama mmoja, daftari magotini, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Sauti inayotoka ni yangu, somo la Ijumaa. Nilipopiga hodi akanitambua, akasimama.
"Shikamoo mama. Bhoke yuko wapi?"
"Marahaba, mwalimu. Yuko Kisorya, anauza dukani kwa shangazi yake. Alisema masomo hayataki tena."
"Na majibu?"
"Ni ya kwangu. Mimi mama yake niliishia fomu foo. Nilianza kusikiliza tu kwa akaunti yake, nikashindwa kunyamaza. Nisamehe."
Nilikunywa chai yake.

Jumanne, 14 Mei
Bhoke kapiga simu. Anataka kuacha chuo rasmi; alichelewa kutujulisha kwa kumwogopa mama yake. Nimemwambia alete barua ya kujiondoa. Ripoti nimeipeleka, na ukweli wote. Huenda nimemwumiza mama. Kudanganya nimeshindwa.

Jumatatu, 20 Mei
Mama Bhoke amekuja chuoni Musoma, cheti chake cha fomu foo kakifunga kwenye nailoni. Mkuu wa idara alimgombeza kwa kujibu kwa jina la mwanawe, kisha akamwonyesha dirisha la maombi ya astashahada. Nikamsindikiza.
Karani akauliza anamwombea mtoto yupi.
"Ni mimi mwenyewe."
Tukapewa fomu. Tukakaa kwenye benchi, akaanza kujaza, taratibu, herufi moja moja.